Una Kisukari na Homa Imekupata? Usianze na Aspirini

Kila mafua yanaposhika mji, na kila masika yanapojaza maji kwenye makopo na matairi, wasomaji wenye kisukari huniuliza jambo lile lile. Wako Kariakoo, Gerezani, Upanga, na wengine wanafanya kazi bandarini. Mmoja anaandika: "Nimesikia virusi vinagandisha damu, na sisi wa sukari ndio wa kwanza kuondoka. Nikisikia homa, nianze aspirini?" Mwingine ameshamnunulia mama yake, anachouliza ni ampe ngapi kwa siku.

Jibu ni usianze, mpaka ujue ni homa gani.

Katika jiji hili la Dar es Salaam kuna virusi viwili ambavyo kila kimoja huichezea damu kwa namna yake. Kirusi cha UVIKO-19 huigandisha damu mahali pasipotakiwa: mapafuni, miguuni, kwenye moyo, kwenye ubongo. Kirusi cha dengi hushusha chembe sahani, zile zinazoziba mshipa unapokatika, na huifanya mishipa midogo ivuje. Siku mbili za mwanzo wagonjwa hawa wawili hufanana kabisa: homa, kichwa, viungo, mwili kukosa nguvu. Kidonge kile kile ambacho hakitamsaidia wa kwanza kinaweza kumtoa damu wa pili.

Wala si hadithi za mbali. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na mwezi uliofuata Hospitali ya Amana pale Ilala ikatengwa kwa ajili ya wagonjwa wake. Dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi kwa nguvu mwaka 2019, na sehemu kubwa ya wagonjwa wa nchi nzima mwaka huo walikuwa hapa hapa jijini.

Na kwa wanaosema "lakini aspirini si inasaidia korona?": Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa takriban 15,000 waliolazwa, katika utafiti uitwao RECOVERY uliotoa majibu mwaka 2021. Waliopewa aspirini hawakupungua kufa kuliko wasiopewa. Waliovuja damu ndio walioongezeka kidogo.

## Kwa nini mwenye kisukari ajihadhari zaidi

Sitakaa sana hapa. Sukari ikikaa juu miezi na miaka, utando wa ndani wa mishipa huchubuka, chembe sahani hushikana upesi, na mwili huchelewa kuyeyusha donge likishaganda. Juu ya hapo homa yenyewe hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana. Sukari ikipanda unakojoa sana, maji yanapungua mwilini, damu inazidi kuwa nzito.

Na si korona peke yake. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 2018 kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya maabara kuthibitisha mafua ya influenza, hatari ya mtu kupata shambulio la moyo ilikuwa takriban mara 6 ya kawaida yake. Kwa hiyo ukiwa na kisukari, usijifariji kwa "ni mafua tu".

Wewe unayesoma haya ukisema hayakuhusu, jipime. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na wengi hawakuwa wakijua.

## Yanayotokea dirishani

Kariakoo duka la dawa liko hatua chache kutoka popote ulipo, na hapo ndipo homa nyingi zinapoanzia matibabu. Mteja anafika anatetemeka, anasema: "Nipe ya maumivu, na ya kulainisha damu maana nina sukari." Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi hii, vinne kutoka kwenye ile, anavitia kwenye kibahasha, anaandika 1x3. Mkasi umepita pale pale lilipokuwa jina la dawa. Ukifika nyumbani huna namna ya kujua umemeza nini, na kesho daktari akikuuliza utamjibu, "Nyeupe na ya njano."

Makosa ninayoyasikia zaidi ni haya:

- Aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kwa homa isiyopimwa. Zote tatu huongeza hatari ya kuvuja damu kama ni dengi. Ibuprofeni na diklofenaki huziumiza pia figo, na figo za mwenye kisukari mara nyingi zimeshachoka.
- Sindano ya diklofenaki ya makalio "ili homa ishuke haraka". Chembe sahani zikiwa chini, damu huvilia ndani ya msuli pale palipodungwa.
- Dawa ya malaria bila kipimo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu chini ya nusu saa. Na kama ni kwinini, ijue: inaweza kushusha sukari ghafla.
- Dawa mbili za mafua kwa pamoja. Nyingi zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo unameza dozi mara mbili bila kujua. Nyingi za zile za maji zina sukari.

Nunua parasetamoli peke yake, ya miligramu 500. Mtu mzima humeza vidonge 2, na kurudia baada ya saa 6 ikihitajika, visizidi 8 kwa usiku na mchana. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Mwombe muuzaji akupe karatasi nzima, au piga picha boksi lake kwa simu kabla hujaondoka. Aspirini huandikwa pia acetylsalicylic acid. Ukiyaona maneno hayo kwenye dawa ya kichwa au ya mafua, irudishe.

## Saa 24 za kwanza

1. Pima sukari, andika namba na saa. Kisha pima kila baada ya saa 4, hata kama unajisikia nafuu. Huna mashine? Azima kwa jirani. Mashine huazimwa, sindano ya kutobolea kidole haiazimwi kamwe.

2. Andika siku na saa homa ilipoanza. Hili watu hulipuuza, na daktari analihitaji kuliko maelezo mengine yote. Kipimo cha dengi kiitwacho NS1 hufaa zaidi siku za mwanzo. Na hatari ya dengi huja kati ya siku ya 3 na ya 7, mara nyingi pale homa inaposhuka na mgonjwa anaposema amepona.

3. Kunywa maji, kidogo kidogo, mchana kutwa. Maji ya kawaida, chai isiyo na sukari, supu nyepesi. Kama unatapika au unaharisha, tumia maji ya chumvichumvi ya paketi. Yana sukari kidogo, nayo ni ya lazima, wewe endelea kupima tu. Mwenye moyo au figo zilizodhoofika, ambaye kliniki imemwekea kiwango cha maji, asizidishe bila kuuliza.

4. Nenda kituoni siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Usingoje siku tatu "tuone itaendaje". Aliye Kariakoo ana Mnazi Mmoja karibu, Amana haiko mbali, na Muhimbili iko Upanga. Omba vipimo vinne: malaria, picha kamili ya damu ambayo maabara huiandika FBP, dengi, na UVIKO-19.

5. Usilale kutwa nzima. Nyanyuka, zunguka chumbani, ukiwa umekaa kunja na kunjua vifundo vya miguu. Damu iliyotulia miguuni huganda kwa urahisi. Hili linawahusu hasa madereva wa malori wanaotoka bandarini kwenda Tunduma na kuendelea, na mawakala wa forodha wanaokaa kitini toka asubuhi hadi jioni.

Ukifika mapokezi usiseme "nina homa" ukanyamaza. Sema hivi, hata kama kuna foleni: "Nina kisukari, homa ni ya siku ya pili, sukari asubuhi ilikuwa kumi na tano, nameza dawa hizi." Kisha weka dawa zote mezani. Maneno hayo machache humfanya muuguzi akuangalie kwa jicho jingine.

Omba karatasi ya majibu, usiridhike na "damu iko sawa". Tafuta herufi PLT: hizo ndizo chembe sahani, na kawaida yake ni 150 hadi 450. Namba moja haitoshi. Ikiwa leo ni 160 na kesho ni 90, huo mteremko ndio habari yenyewe, na lazima urudi kupimwa tena.

## Dawa zako za kila siku

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu mantiki ya kawaida inawadanganya: "Sijala, basi nisidunge."

- Insulini: usiiache. Homa inapandisha sukari hata usipokula. Wa kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini siku moja anaweza kufikia hali ya kupoteza fahamu. Kiwango ndicho huenda kikabadilishwa, na anayekibadilisha ni mtaalamu wako.
- Metformini: kama unatapika, unaharisha au huwezi kunywa maji, isimamishe na umwone daktari siku hiyo.
- Glibenklamaidi, gliklazidi, glimepiridi: hizi husukuma sukari chini hata kama tumbo ni tupu. Kama huwezi kula, wasiliana na kliniki kabla ya dozi inayofuata.
- Dapagliflozini na empagliflozini: simamisha wakati wa homa kali, kutapika au kushindwa kula, na uwaarifu kliniki. Zinaweza kuleta sumu ya ketoni mwilini hata sukari ikiwa haijapanda sana.
- Dawa za presha na za kukojoza: kama umepungukiwa maji, uliza kabla ya kuendelea nazo.
- Warfarini, rivaroksabani na nyingine za kuzuia kuganda: usiache mwenyewe, usiongeze mwenyewe. Homa ikianza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Namba za kukumbuka, kwa mashine zinazosoma kama za hospitali zetu nyingi:

- Chini ya 4 (mashine nyingine huandika 70): kunywa soda ya kawaida nusu chupa, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15.
- Juu ya 14 (au 250) mara mbili mfululizo: ongeza maji, wasiliana na kliniki au nenda.
- Juu ya 14 na unatapika, unahema kwa nguvu, tumbo linauma au mdomo unanuka kama matunda: hospitali sasa hivi.

## Dalili za damu kuganda

Yeyote anayemuuguza mwenye kisukari azijue hizi. Hakuna ya kungoja asubuhi.

- Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, shavu la mguu linauma na lina joto.
- Pumzi zinakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, au unakohoa damu.
- Mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawasawa.
- Mguu au kidole kimekuwa baridi, kimebadilika rangi, kinauma sana au kimekufa ganzi ghafla.
- Jasho jembamba, kichefuchefu, uchovu wa ajabu na pumzi fupi, hata bila maumivu ya kifua. Kisukari huua mishipa ya fahamu, kwa hiyo moyo wa mwenye kisukari unaweza kushambuliwa bila kuuma.

Kama una kile kimashine cha kubana kidole kinachopima oksijeni, namba chini ya 94 ni ya kwenda hospitali.

Juu ya kiharusi nasisitiza: usimpe mgonjwa aspirini nyumbani. Kiharusi kingine ni cha donge, kingine ni cha mshipa uliopasuka, na kwa macho havitofautiki. Inahitajika picha ya CT. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo angalia saa, ndipo mwondoke. Usimpakie kwenye bodaboda. Bajaji au teksi, na mtu wa kumshikilia.

## Dalili za damu kuvuja

- Fizi au pua zinatoa damu. Hedhi inakuja nyingi kuliko kawaida.
- Madoadoa mekundu au michubuko usiyoikumbuka.
- Kinyesi cheusi, au matapishi yenye damu.
- Tumbo linauma sana na haliachi; kutapika hakukomi.
- Mgonjwa analegea, anahangaika, mikono na miguu inapoa, huku homa imeshuka.

Ya mwisho ndiyo inayopoteza watu. Familia inafurahi homa imekwisha, mgonjwa anarudi dukani Mtaa wa Kongo, na jioni anaanguka.

## Kuchua, nyungu na majani ya mpapai

Siwakatazi watu dawa za nyumbani kwa dharau. Nataka mjue mahali zinapoleta madhara.

*Kuchua.* Mguu ukivimba na kuuma, jambo la kwanza ni mafuta ya moto na mikono ya shangazi. Kama ndani mna donge, kulichua kunaweza kulisukuma likapanda hadi mapafuni. Mguu mmoja uliovimba wakati wa homa au wiki chache baada yake hauchuliwi. Unapelekwa kwenye picha ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayopigwa wajawazito.

*Nyungu.* Mwaka 2020 na 2021 nchi nzima ilijifukiza. Mvuke hauondoi donge la damu, wala haumalizi kirusi. Kwa mwenye kisukari una hatari mbili: jasho jingi linalomkausha maji, na sufuria ya moto karibu na miguu isiyohisi. Mtu ambaye nyayo zake zina ganzi anaungua bila kujua, na kidonda cha kuungua kwa mwenye kisukari ni safari ndefu. Vivyo hivyo kukanda miguu kwa maji ya moto.

*Tangawizi, limau na vitunguu swaumu.* Kunywa ukipenda, bila asali. Lakini ukiwa kwenye warfarini, epuka kula vitunguu swaumu kwa wingi kama dawa. Vinaweza kuongeza uvujaji.

*Majani ya mpapai.* Wengi huyatwanga ili kupandisha chembe sahani. Kosa kubwa ni kuyafanya yachukue nafasi ya kupima. Mtu anakunywa siku tatu, PLT inazidi kushuka, na hakuna anayejua.

## "Lakini mimi..."

"Lakini mimi aspirini nameza kila siku, daktari aliniandikia." Hili ni swali la haki, na jibu lake si moja kwa wote. Kama uliandikiwa baada ya shambulio la moyo, kiharusi au kuwekewa kifaa cha kuzibua mshipa, usiache kwa uamuzi wako. Kuacha ghafla nako kunaweza kugandisha damu. Nenda siku hiyo hiyo, pima chembe sahani, mwambie daktari aamue. Lakini kama ile ya miligramu 75 unaimeza kwa sababu jirani alisema kila mwenye sukari aimeze, isimamishe homa ikianza na umuulize daktari kama kweli unaihitaji. Si kila mwenye kisukari anaihitaji.

"Siwezi kufunga fremu, kodi inanisubiri." Najua. Sikuambii ufunge wiki nzima. Nakuomba asubuhi moja ya kupimwa, mtu wa kukushikia duka, na siku ya 3 hadi ya 7 usibebe mizigo wala usiwe peke yako.

"Vipimo ni ghali." Mwenye bima aitumie. Asiyenayo aanze na kipimo cha malaria na picha kamili ya damu; hivyo viwili vinamwonyesha daktari mengi, na ni nafuu kuliko kulazwa. Pesa ya diklofenaki, ya dawa ya "UTI" isiyopimwa na ya vitamini za chupa, ukiijumlisha, mara nyingi inakaribia gharama hiyo.

"Chanjo yenyewe si ndiyo inagandisha damu?" Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo Julai 28, 2021, iliyotumika ilikuwa ya Janssen, ya dozi moja. Ni kweli kwamba Marekani iliisimamisha kwa siku chache Aprili mwaka huo kwa sababu ya aina adimu ya kuganda kwa damu, kisha ikairuhusu tena ikiwa na onyo. Waliopatwa walikuwa wachache sana katika kila watu milioni moja, na tatizo lilijitokeza ndani ya wiki chache baada ya kuchanjwa. Kama ulichanjwa wakati huo, muda wake ulishapita. UVIKO-19 yenyewe imegandisha damu za watu wengi zaidi, mbali sana. Uliza kituo chako kuna chanjo gani sasa, na uulizie ya mafua pia.

"Niko kwenye mfungo." Mgonjwa ameruhusiwa kufungua, nawe una magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Kufunga ukiwa na homa na kisukari ni kukausha maji na kucheza na sukari. Utazilipa siku hizo baadaye kama daktari ataruhusu. Zungumza na shehe wako kuhusu fidia.

## Mbu wa mchana

Chandarua cha usiku hakitoshi. Mbu wa dengi huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, wakati uko dukani. Huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama: matairi kuukuu nje ya maduka ya spea na gereji za Gerezani, ndoo za akiba tunazojaza kwa sababu ya mgao wa maji, simtanki isiyo na mfuniko, sahani chini ya maua. Toboa au ondoa matairi, funika vyombo, sugua kuta za ndoo kila wiki maana mayai hunata pale. Vaa mikono mirefu. Mtu akiugua dengi ndani ya nyumba, alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asimuume yeye kisha akaambukiza wengine.

## Ukilazwa, na ukiruhusiwa

Ukilazwa kwa UVIKO-19, madaktari huenda wakakudunga heparini ya tumboni kuzuia madonge. Hiyo ni tofauti na aspirini ya dirishani: wamekupima, wanaijua dozi, wanaangalia kama unavuja. Wanaohitaji oksijeni hupewa deksamethazoni, na dawa hiyo huokoa maisha ila hupandisha sukari sana. Ndugu anayekuuguza aulize kila siku maswali mawili: "Sukari yake leo ni ngapi?" na "Anapata kinga ya damu kuganda?" Aulize kwa adabu, na asione haya.

Kutoka wodini si mwisho. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya watu milioni moja waliopata UVIKO-19, ulionyesha hatari ya donge la mguuni kuendelea hadi miezi 3, na la mapafuni hadi miezi 6. Basi kabla hujatoka:

- Uliza dawa zipi unaendelea nazo, zipi zilikuwa za wodini tu, na mpaka tarehe gani.
- Uliza dozi ya insulini. Ile ya wakati wa deksamethazoni inaweza kuwa kubwa mno baada ya dawa hiyo kukoma, ukashukiwa na sukari usiku.
- Chukua tarehe ya kliniki ndani ya wiki moja au mbili, si "ukijisikia vibaya rudi".
- Tembea kila siku, kidogo kisha uongeze. Angalia miguu yote miwili kila jioni, nyayo na katikati ya vidole.
- Safari ndefu ziahirishe wiki za mwanzo. Kama huwezi, iwe lori la Lubumbashi au basi la Mwanza, shuka na utembee kila baada ya saa mbili, kunywa maji, na weka karatasi ya matibabu mfukoni, si kwenye begi la buti.